Bahari Isiyo na Bamvua Si Bahari Yetu

Wazee wenzangu wa pwani wana tabia ya kuidharau michezo ya kompyuta kabla ya kuitazama. Wakimwona kijana amekaa mbele ya kioo, anapeleka majeshi, anajenga bandari na kutuma merikebu, husema huyo anapoteza umri. Na wazee hao hao, ukipita barazani baada ya alasiri, utawakuta wameinamia bao, mashimo 32 na kete 64, kila mmoja anapima hila za mwenziwe. Hukumu ya mchezo wa kompyuta, kama ni upuuzi mtupu au una faida, nawaachia masheikh, maana hiyo ndiyo kazi yao. Mimi nataka kusema juu ya kitu kilicho chini ya mchezo huo, nacho ni ramani.

Zamani ramani za michezo hiyo zilibuniwa na mchoraji apendavyo: hapa mlima, pale mto, kule kisiwa. Siku hizi nyingi hujengwa kwa vipimo vya kweli vya dunia, na pwani hii yetu imo ndani yake. Basi ikiwa nchi yetu inachorwa na watu wa mbali, na vijana wa dunia nzima wanaitazama na kuichezea, ni wajibu wetu kuuliza: imechorwaje, na kimeachwa nini?

Tuanze na asili yake. Mchezo wa vita juu ya ramani ya kweli si jambo la juzi. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, Baron von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza yenye vipande vya mabonde na vilima vya kupangwa upya kila mchezo. Mwanawe Georg, aliyekuwa ofisa wa jeshi, akaona vipande hivyo havitoshi. Mwaka 1824 alitoa kanuni za mchezo unaochezwa juu ya ramani halisi za nchi, kwa kipimo cha 1 kwa 8,000, yaani sentimita 1 ya karatasi ni mita 80 za ardhi. Mkuu wa majeshi, Jenerali von Müffling, alipouona aliusifu na kuupendekeza kwa jeshi zima. Tangu hapo mchezo wa ramani na ramani ya askari ni watoto wa baba mmoja. Neno hili tuliweke akilini, maana tutalirudia.

Lakini hesabu iliyo chini ya ramani hizo, ya kuipa kila pahali namba yake ya urefu na upana wa dunia, ilifanyiwa kazi kubwa na watu wetu wa Kiislamu kwa haja nyingine kabisa. Mwaka 1025 Abu Rayhan al-Biruni alimaliza kitabu kizima juu ya kupima mahali pa miji, na shabaha yake mojawapo ilikuwa kuujua upande wa kibla kwa mtu aliyeko Ghazna. Mwaka 1154 Sharif al-Idrisi alimkamilishia Mfalme Roger wa Sicily ramani ya dunia iliyowekwa kusini juu na kaskazini chini, na katika kitabu chake miji ya pwani hii ikatajwa, Malindi na Mombasa miongoni mwake. Kisha akaja malimu Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, akatunga utenzi wa safari ya Sofala, unaoitwa al-Sufaliyya. Yeye vipimo vya nyota na njia za bahari hakuviweka katika picha. Aliviweka katika beti, ili mabaharia wavihifadhi kifuani kama sisi tulivyohifadhi juzuu chuoni. Kwa hiyo anayedhani kwamba vipimo vya nchi ni mambo ya Wazungu watupu, asome tena.

Sasa tuje kwenye vipimo vya leo. Tarehe 11 Februari 2000 Wamarekani walirusha chombo cha angani kiitwacho Endeavour. Kwa siku 11 kiliizunguka dunia kikiimulika kwa rada na kuupokea mwangwi wake kwa antena mbili, moja ndani ya chombo na nyingine kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60 uliotokeza ubavuni. Kwa kulinganisha mwangwi uliopokelewa na antena hizo mbili waliweza kupima kimo cha ardhi, tangu nyuzi 60 kaskazini mpaka nyuzi 56 kusini, kama asilimia 80 ya nchi kavu yote ya dunia. Kazi hii inaitwa SRTM. Aliyeifanya hakuwa NASA peke yake. Mwenziwe alikuwa idara ya ramani ya jeshi la Marekani. Ndiyo maana mwanzoni vipimo vya kila mita 30 walijiwekea wenyewe, na sisi wengine tukapewa vya kila mita 90. Mpaka Septemba 2014 ndipo serikali yao ilipotangaza kuvifungua vile vizuri zaidi kwa watu wote, ikaanza na Afrika.

Kijana anayetaka kujenga ramani ya mchezo huvichukua vipimo hivyo bure na kuvigeuza picha ya kijivu. Palipoinuka huwa peupe, palipoinama huwa peusi, na kompyuta huisoma picha ile na kuinua milima. Katika Cities: Skylines, mchezo wa kujenga mji uliotoka Finland mwaka 2015, picha hiyo ina vijiraba 1,081 kwa 1,081, na kila kiraba ni mita 16. Jumla ni eneo la kilomita 17.28 kila upande. Humo kisiwa cha Mombasa kinaenea chote, na Likoni na Nyali juu yake. Vijana wa mataifa mbalimbali wameijenga miji yao kwa njia hii, na wetu pia wanaweza. Nalisifu jambo hili bila ya kusitasita. Mtoto aliyejifunza kwa mikono yake jinsi mto unavyofuata bonde, hawezi kudanganywa kwa ramani akiwa mtu mzima.

Lakini vipimo hivi vina upofu wake, na upofu huo umetuangukia sisi watu wa pwani kuliko wengine. Nitautaja mmoja mmoja.

Wa kwanza ni upofu wa rangi. Picha ya kijivu ya kawaida ina daraja 256 tu tangu nyeusi hadi nyeupe. Mtu akitaka kuichora dunia nzima katika picha hiyo, aanzie usawa wa bahari mpaka kilele cha Everest chenye mita 8,849, kila daraja itachukua kama mita 35. Sasa nambie, msomaji mpenzi, katika Lamu na Pate ni pangapi panapofika mita 35? Sehemu kubwa ya visiwa hivyo huingia katika rangi moja na bahari, ikazama. Himalaya inang'aa, na Pate iliyokuwa na masultani, washairi na mafundi wa hariri haipo duniani. Dawa yake ipo, nayo ni picha yenye daraja 65,536, ambamo kila daraja ni kama sentimita 13. Lakini dawa hiyo huitumia mtu anayejua kwamba hapa pana kitu cha kuokolewa.

Wa pili ni upofu wa miti. Rada ile haikuona udongo palipofunikwa na majani. Iligonga matawi ikarudi. Mikoko ya Lamu na Mida ilipimwa pamoja na vilele vyake, kwa hiyo katika ramani matope ya mkandaa yamekuwa vilima. Kosa la mita chache halimdhuru anayechora Mlima Kenya wenye mita 5,199, lakini kwetu mita chache ndiyo tofauti ya nchi kavu na bahari. Mchezaji atapandisha jeshi lake juu ya kilima ambacho wewe na mimi tunajua kwamba ukikikanyaga utazama mpaka magotini.

Wa tatu ni mkubwa zaidi, nao ni upofu wa maji. Rada haipiti ndani ya bahari, na huiona kama sakafu tu. Anayetaka vilindi hutumia vipimo vya GEBCO, kazi iliyoanzishwa mwaka 1903 chini ya Mwanamfalme Albert wa Monaco na inayoendelea mpaka leo. Ni kazi ya kuheshimika, lakini kila kiraba chake kina upana wa karibu mita 450, na mpaka mwaka 2024 ni kama asilimia 26 tu ya sakafu ya bahari za dunia iliyokuwa imepimwa barabara kwa vyombo, iliyobaki ni ya kukadiria. Pale Likoni, watu wanapovuka kwa feri, bahari ina upana wa kama nusu kilomita. Maana yake mlango wote wa Kilindini, uliopitisha merikebu na kupiganiwa na mataifa, ni kiraba kimoja, na kikihesabiwa kwa wastani pamoja na ufuo ulio kando yake kilindi hicho hufutika. Hivyo ndivyo bandari kubwa ya Afrika Mashariki inavyoweza kuzibwa na hesabu.

Na juu ya hayo bahari ya ramani haijai wala haipwi. Mombasa wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mvuvi, nahodha, mama anayetafuta chaza, wote hupanga siku yao kwa saa za maji. Mahali pamoja ni bahari asubuhi na ni njia ya miguu adhuhuri. Ramani iliyochora mstari mmoja ikasema hapa bahari, hapa nchi kavu, imeichora pwani ya watu wengine.

Labda mtu atasema haya ni mambo madogo katika mchezo wa vita. La, haya ndiyo vita vyenyewe. Tazama yaliyotokea mwaka 1589. Amiri Ali Bey, Mturuki, alikuwa Mombasa akijitia nguvu. Wareno wakaja kutoka Goa na merikebu zao kwa upande wa bahari, na Wazimba wakawa wamesimama bara, ng'ambo ya Makupa, pale ambapo maji yakipwa mtu huvuka kwa miguu. Kisiwa kikabanwa huku na huku. Wazimba walipoachiwa kuvuka, mji uliangamia na Ali Bey akachukuliwa mateka na Wareno. Miaka minne baadaye, mwaka 1593, Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu kwa ramani ya Mtaliana Giovanni Battista Cairati, na kivuko cha Makupa nacho wakakiwekea ngome ndogo za ulinzi, maana walijua bila ya kuambiwa kwamba kufuli ya Mombasa ina matundu mawili, mlango wa bahari na kivuko cha bara.

Sasa chukua vipimo vya leo ujenge mchezo wa mwaka 1589. Hakuna kivuko. Makupa ilijazwa kifusi zamani, ikawa barabara na reli, na hata daraja lililofunguliwa mwaka 2022 ili maji yapate kupita tena halijui habari za Wazimba. Ramani itakuonyesha kisiwa kilichofungwa na bara. Mchezaji atauteka mji bila ya kungoja maji yapwe, na fumbo zima la mji ule limepotea. Vipimo ni sahihi, na ramani ni ya uwongo. Mtu asiyetofautisha mambo hayo mawili asipewe kuchora historia ya mtu.

Ongeza pepo. Mchezo wa Europa Universalis IV, uliotolewa Sweden mwaka 2013, unaanzia Novemba 1444, na Kilwa imo miongoni mwa dola ambazo mchezaji aweza kuzitawala. Nilifurahi kulijua hilo, kwani ni heshima. Lakini ukuu wa Kilwa haukutoka katika ardhi yake, ulitoka katika pepo na dhahabu ya Sofala. Kaskazi ilileta vyombo kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikavirudisha, na chombo kilichochelewa kililala miezi. Kule kulala kwa miezi ndiko kulikoleta ndoa, elimu, lugha na misikiti. Katika mchezo, merikebu huenda mwezi wowote ipendao. Pwani isiyo na msimu haina sababu ya kuwa na Waswahili. Katika Civilization VI ya mwaka 2016 Unguja nayo imo, kwa jina la Zanzibar, na zawadi yake kwa mchezaji ni karafuu na mdalasini. Mji wa wanachuoni na watungaji umefanywa duka la viungo.

Hapa ndipo ninapolirudia lile neno la mchezo na ramani ya askari. Katika matoleo ya mwanzo ya mchezo ule wa Sweden, sehemu kubwa ya bara iliyo nyuma yetu ilichorwa kuwa nyika isiyopitika, na baadaye ndipo wakaongeza nchi za Maziwa Makuu. Na kuna sehemu nyingi za dunia zinazoandikwa kuwa hazina mwenyewe, zinangoja mlowezi. Sisi tumekwisha kuchezewa mchezo huo bila ya kompyuta. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani walikaa na ramani na rula, wakasema nchi ya Sultani wa Zanzibar katika bara ni ukanda wa maili 10 kutoka baharini, tangu Mto Minengani mpaka Kipini. Maili 10 za nini? Si za kabila, si za shamba, si za kisima wala kaburi. Ni maili 10 za rula. Kisha wakapiga mstari kutoka mdomo wa Mto Umba mpaka Ziwa Nyanza, wakaupinda kidogo kuuzunguka Kilimanjaro. Vijiji na malisho yaliyokatwa katikati hayakuwamo katika karatasi, basi wakayahesabu kuwa hayamo duniani. Mpaka leo wako watu wa pwani wanaolima walipolima babu zao na hawana hati, kwa kuwa siku ya kuchora hapakuandikwa jina.

Kwa ajili hiyo sikubali kwamba ramani ya mchezo ni mchezo tu. Kijana aliyezoea kuiona pwani yake ni rangi tupu isiyo na jina, atashtuka vipi akiletewa ramani ya kweli ya mradi fulani iliyo tupu vile vile? Hata katika bao hatukubali shimo lisilo na habari. Iko nyumba, kiko kichwa, iko kimbi, na asiyejua majina hayo haambiwi kuwa anajua bao.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ina haki yake. Watengenezaji husema kwamba mchezo ukifuata vipimo neno kwa neno hauchezeki: milima ya kweli ikionekana kwa mbali huwa bapa, kwa hiyo lazima iinuliwe kupita kiasi, na visiwa vidogo lazima vinenepeshwe ili kidole kivipate. Nakubali, tena nawaunga mkono. Lamu ikichorwa kwa kiasi chake katika ramani ya dunia ni nukta, na kuikuza ni kusema kweli juu ya cheo chake. Kila ramani hupinda kitu. Ile ya Mercator ya mwaka 1569 huifanya Greenland ilingane na Afrika, hali Afrika ni kubwa mara 14. Al-Idrisi naye aliweka kusini juu. Kupinda si kosa. Suala ni nani anayeamua kipindwe nini, na anamwuliza nani kabla ya kupinda.

Basi rai yangu ni hii. Vijana wa pwani wasingoje Stockholm wala Marekani. Vipimo vya angani viko wazi, wavichukue. Kisha watoke nje ya nyumba wakawatafute wazee ambao rada haikuwaona. Nahodha anajua kila mlango wa mwamba kwa jina, na anajua chombo gani hupita maji yakiwa mafu. Mvuvi anajua fungu linalohama na lisilohama. Bibi anajua kisima cha maji matamu kilikuwa wapi kabla ya mfereji. Hivyo ndivyo vipimo visivyopatikana angani, na wenye kuvijua wanapungua kila mwaka. Nahodha akizikwa, ramani nzima huingia kaburini pamoja naye.

Njia ya kuviandika ipo, wala haitaki mali. Tangu mwaka 2004 kuna ramani ya dunia iitwayo OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote aweza kuitia majina, hata kwa Kiswahili, na wajenzi wa michezo wanachota humo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliichora Kibera yao njia kwa njia, wakati ramani nyingi ziliionyesha kama doa tupu. Mwaka 2015 wanafunzi na wenyeji wa Dar es Salaam waliianza kazi ya Ramani Huria kwa ajili ya mitaa ifurikayo mvua zikinyesha. Kilichowezekana kwa mitaro ya Tandale kinashindikana vipi kwa milango ya bahari ya Siyu, Shela, Mtwapa na Vanga? Shule zetu, vyuo vyetu vya Kurani na makumbusho yaliyomo ndani ya Ngome ya Yesu wakishikana mikono, kazi hii ni ya likizo mbili tatu.

Na ikiisha, kijana mmoja wa Mji wa Kale atengeneze mchezo wa Makupa, wenye maji yanayojaa na kupwa kwa saa zake na pepo zinazobadilika kwa misimu yake. Acheze na babu yake. Naamini mzee yule anayeidharau kompyuta leo ataweka kete zake kando, aseme, "La, mjukuu wangu, hapo huwezi kupita mpaka maji yapwe." Siku hiyo ramani itakuwa imepata mwenyewe.

Wabillahi taufiki.